Shajara ya mashimo ya bustanini

13 Februari

Jana jioni afisa mifugo alipita kwa jirani kuchanja mbwa, nami nikamwomba awaangalie sungura wetu wanne kabla hajawasha pikipiki. Alimchukua Malkia, akamlaza chali juu ya mkono wake wa kushoto, akabonyeza kwa vidole viwili pembeni mwa tundu la mkojo, kisha akaniita nisogee. Badala ya mwanya mrefu ambao jike huwa nao, kilichochomoza kilikuwa kibomba kifupi cha mviringo, na chini ya manyoya zilikuwapo korodani mbili ambazo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuziona. Tulipowanunua sungura hawa sokoni katikati ya Oktoba, wakiwa na umri wa wiki nane hivi, muuzaji alituhakikishia kwamba wote ni majike, na mimi sikumgeuza hata mmoja. Wajukuu wamekataa katakata kumbadilishia jina, kwa hiyo dume wetu ataendelea kuitwa Malkia.

Usiku uleule nilimhamishia kwenye kizimba cha peke yake, na leo nimefanya hesabu ambayo ndiyo msingi wa shajara hii. Dume wa ukubwa wake huanza kupanda akiwa na umri wa miezi 4 hivi, yaani kwa hawa wetu ni tangu katikati ya Desemba. Mimba ya sungura huchukua siku 31, mara nyingi kati ya 30 na 32. Kwa hiyo watoto wangeweza kuwa wameanza kuzaliwa tangu katikati ya Januari bila sisi kujua, na wa mwisho kabisa, kama Malkia alipanda jana mchana kabla hatujamtenga, watazaliwa karibu na tarehe 15 Machi. Nimeongeza siku nne za tahadhari na kuandika tarehe 19 Machi kuwa mwisho wa kungoja. Kukisia kwa dalili za joto hakuwezekani, kwa sababu jike wa sungura hana siku za joto zinazohesabika kama za ng'ombe. Mayai yake hushuka baada ya kupandwa, kiasi cha saa 10 hadi 12 baadaye, na karibu wakati wowote yuko tayari.

Tatizo si watoto wenyewe, bali mashimo. Majike watatu, Pamba, Karafuu na Moshi, wanashinda katika sehemu ya kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, niliyoizungushia wavu, meta 18 kwa 12, chini ya migomba na mibuni michache, na tangu Desemba wameacha kulala bandani kwa sababu wamejichimbia makao yao. Udongo mwekundu wa miteremko hii ya Kilimanjaro unachimbika na haubomoki. Wazee wetu walichimba mahandaki ya kujifichia wakati wa vita humuhumu, sembuse sungura. Lakini masika yanakaribia. Mashimo mawili yameelekea kwenye msingi wa ghala, na lingine limeanika mizizi ya mgomba uliobeba mkungu. Nimekusudia kuyafukia kabla ya mvua kubwa, na siwezi kufukia shimo nisilojua lina nini ndani.

14 Februari

Nimerudia kazi yangu ya zamani ya kupima viwanja. Nimetembea ndani ya wavu kwa mistari ya meta moja moja, nikapiga kigingi chenye namba kwenye kila shimo, nikachora ramani kwenye daftari la hesabu. Mashimo ni sita, M1 hadi M6. M1 na M2 yako chini ya ghala, M3 na M4 kwenye kingo ya mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, M5 kwenye shina la mparachichi, M6 katikati ya migomba. Lililo pana kuliko yote ni M3, ambalo ngumi yangu inaingia na kubaki nafasi ya kidole kila upande.

Kwenye kila mlango nimetandaza majivu yaliyochekechwa ili kusoma nyayo, na juu yake nimelaza majani makavu mawili yaliyopishana. Nyayo zitaniambia nani anaingia, na majani yataniambia kama kuna aliyepita usiku hata kama umande utaharibu majivu. Zamu yetu ya maji ya mfongo ilikuwa kesho. Nimemwomba jirani aichukue yeye, kwa sababu maji yakijaa kwenye kingo yatapenya M3 na M4.

18 Februari

Siku nne za majivu zimenifundisha jambo moja, kwamba majike hawa wanatumia mashimo yote sita kama vyumba vya nyumba moja. M1 na M2 yameungana, kwani Karafuu aliingia M1 nikimwangalia na baada ya dakika tatu akachungulia kutoka M2. Nyayo za usiku ni nyingi mno kiasi cha kutokuwa na maana.

Fundi magari wa njia panda ameniazima kamera ndogo ya waya, ambayo yeye huitumia kuchungulia ndani ya silinda za injini. Inachomekwa kwenye simu, ina taa zake kichwani, na waya wake una urefu wa meta tano. Nimeifunga kwenye ufito mwembamba wa mwanzi ili isijikunje. Kwenye M3 ilikwenda kama meta moja na robo, ikafika kona, ikaonyesha macho mawili yanayong'aa na kisha miguu ya nyuma ya Moshi aliyekuwa akinitimulia vumbi. Kwenye M4 lenzi ilichafuka udongo kabla ya kufika popote. M5 ni fupi, halina chumba. M6 lina chumba kikubwa kiasi cha sufuria ya kupikia familia, kitupu, chenye majani ya mgomba yaliyotafunwa.

Hakuna manyoya. Hilo ndilo ninalolitafuta, kwa sababu jike anayekaribia kuzaa hujinyonyoa manyoya ya kifuani na tumboni na kuyatandika kiotani, na watoto huzaliwa uchi, vipofu, na bila hayo manyoya hufa kwa baridi kwa saa chache.

24 Februari

Mjukuu mkubwa ameniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini katika hadithi Sungura hana shimo. Nimemweleza kwamba sungura wa hadithi zetu ni yule wa porini, mwenye miguu mirefu, ambaye hachimbi. Hulala kwenye kilalo cha nyasi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya, macho wazi. Hawa wa kufugwa ni ukoo mwingine, uliotoka upande wa Hispania na Ureno, na jina tumewapa moja tu. Alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe Babu, huyu wetu hana ujanja, ana shimo tu." Sikumbishia, ingawa kufikia leo shimo limenishinda.

Hakuna jipya kwenye kamera.

26 Februari

Zimetimia siku 14 tangu kumtenga dume, nami niliambiwa kwamba siku hizo zikitimia mimba yoyote inaweza kuhisiwa kwa mkono. Afisa mifugo amekuja, akawasimamisha majike mmoja mmoja juu ya meza ya ghalani, mkono mmoja ukishika ngozi ya mabegani, mwingine ukipita chini ya tumbo, kidole gumba upande huu na vidole vingine upande ule, akipapasa kama anayetafuta sarafu ndani ya kitambaa. Moshi ana mimba. Alinishikisha na mimi, nikahisi vitu vya mviringo kama gololi vikiteleza chini ya vidole. Karafuu hana. Pamba naye hana.

Nimemhamishia Moshi bandani, kwenye kizimba chenye sanduku la kuzalia nililolipigilia mbao leo, sentimeta 45 kwa 30, lenye kizingiti cha mbele cha sentimeta 15 ili watoto wasiburuzwe nje wakiwa wameng'ang'ania chuchu. Ndani nimeweka maranda ya mbao na nyasi kavu. Karafuu na Pamba nimewaandikia "bila mimba" na kuwapigia mstari. Kwa jinsi nilivyoona, ilibaki kuyafukia mashimo tu.

28 Februari

Asubuhi Karafuu amepita mbele yangu na tonge la nyasi mdomoni, limeegemea pande zote mbili kama masharubu, akaingia M2. Nilipotia kamera kutoka upande wa M1 nilikuta chumba kimejaa nyasi na manyoya ya rangi ya hudhurungi, mengi, mapya. Kifua chake kina upara wa ukubwa wa kiganja. Nimeangalia tena saa nne, saa nane na jioni: kiota kipo, watoto hawapo.

Kabla ya kulala nimehesabu siku. Tangu tarehe 12 hadi leo ni siku 16. Jike aliyepandwa bila kushika mimba, na hata aliyepandwa na jike mwenzake tu, mwili wake huweza kudanganyika akaishi na mimba ya uongo ya siku 16 hadi 18, na mwisho wake hujinyonyoa na kujenga kiota kama mzazi wa kweli. Hili linalingana na mkono wa afisa mifugo, ambao haukuhisi kitu. Naamini ni mimba ya uongo. Hata hivyo, kigingi cha M2 nimekifunga kitambaa chekundu, maana yake lisiguswe hadi tarehe 19.

1 Machi

Leo nimegundua kosa langu, na nimeligundua kwa mguu.

Saa tatu asubuhi nilikuwa natoka kukagua M6, nimebeba kamera, nikapita kati ya migomba miwili mahali ambapo nimepita kila siku kwa wiki mbili. Mguu wa kushoto ukazama hadi juu ya kifundo. Nilijua papo hapo ni nini, nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja nimeshika mgomba, nikiogopa hata kuuchomoa. Nilipouchomoa polepole, soli ilitoka na shungi la manyoya meupe, rangi ya Pamba.

Mahali hapo hapakuwa na shimo. Yaani, hapakuwa na mlango. Kulikuwa na udongo uliosawazishwa, umepigwapigwa, juu yake majani makavu ya mgomba kama kila mahali. Ramani yangu nzima ilikuwa ramani ya matundu yaliyo wazi, ilhali jike mwenye watoto hujifungulia katika shimo fupi la pembeni, mbali kidogo na makao ya wote, na kila akitoka huuziba mlango kwa udongo ili harufu isitoke na mwizi asione. Shimo lililo wazi ni la wakubwa. Kwa siku 15 nilikuwa nachungulia sebuleni.

Nimeacha jembe. Nilipiga magoti, nikasugua mikono kwa nyasi za banda la Pamba, nikatoa udongo kwa vidole, nikiuweka kwenye beseni ili nijue kiasi cha kurudisha. Mguu wangu ulikuwa umevunja paa la njia, si la chumba, na kwa hilo nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kina kilikuwa kama sentimeta 30 tu, na njia haikuzidi urefu wa mkono wangu hadi begani. Kwanza vidole vilikutana na joto, kabla ya manyoya. Joto kama la mkate uliofunikwa kitambaa. Kisha manyoya yakaanza kurukaruka, kwa sababu watoto wakiguswa hudhani mama amekuja na hujirusha juu kwa pamoja kutafuta chuchu.

Walikuwa sita. Mmoja amekufa, mkavu, yuko pembeni, huenda tangu siku ya kwanza. Watano wako hai. Nimewapima juu ya mizani ya jikoni ndani ya bakuli: gramu 112, 109, 104, 98, na mdogo mmoja 71. Macho yamefungwa. Manyoya yameota mafupi kama mahameli, watatu weupe na wawili wa kijivu. Matumbo ya wanne yamejaa, ngozi imetanuka inang'aa. La yule mdogo lina kikunjo. Kwa manyoya hayo na uzito huo nawakadiria siku sita, yaani walizaliwa karibu na tarehe 23 Februari.

Hii ndiyo sababu tarehe 26 Pamba alionekana hana kitu tumboni. Hakuwa na kitu kwa sababu alikwisha kuzaa siku tatu kabla. Mkono wa afisa mifugo haukukosea. Aliyekosea ni mimi niliyeandika "bila mimba" na kupiga mstari, bila kumgeuza Pamba kutazama chuchu. Nimemgeuza leo. Chuchu ni nyekundu, zimevimba, na manyoya ya tumbo yamenyonyolewa kwa namna ambayo akiwa amesimama hakuna kinachoonekana.

Nimewarudisha watoto, nimemtoa aliyekufa, nimeezeka njia iliyovunjika kwa kipande cha ubao chini ya udongo, nikaziba mlango kama ulivyokuwa. Kigingi kipya, M7.

2 Machi

Swali la leo lilikuwa moja, kama Pamba atarudi baada ya mlango wake kuvunjwa na mkono wa mtu kuingia kiotani. Mke wangu alishikilia kwamba hatarudi, kama wengi wanavyoamini, kwamba mama akinusa mtu huwatupa. Nilitegemea kwamba sungura aliyezoea kushikwa na wajukuu anaijua harufu yetu kuliko sisi wenyewe, lakini kutegemea si kuona, nikakaa ghalani tangu saa tisa usiku, taa ya kichwani nimeifunika kitambaa chekundu.

Alikuja saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Alisimama mbali na M7, akajifanya anakula, akaenda upande mwingine kabisa hadi mparachichi, akarudi. Kisha kwa ghafla akaanza kuchimba kwa miguu ya mbele, udongo ukitoka kati ya miguu ya nyuma, na kwa chini ya dakika moja mabega yake yalikuwa yamezama. Sikuona kitu tena isipokuwa mkia. Nilihesabu kwenye saa: dakika tatu na nusu. Akatoka kinyumenyume, akageuka, na hapo akafanya kazi ya mwashi. Alirudisha udongo kwa viganja, akaushindilia kwa pigo fupifupi za miguu yote miwili ya mbele, akavuta majani makavu kwa meno na kuyaweka juu, akarudi nyuma hatua mbili, akaja kushindilia tena pembe moja. Alipoondoka hakuangalia nyuma.

Hiyo ndiyo ziara yake pekee hadi magharibi. Mtu asiyejua angesema mama huyu amewatelekeza watoto, na pengine angewachukua kuwapa maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano na kuwaua. Maziwa ya sungura ni mazito mno, mafuta yake ni zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na ndiyo sababu mlo mmoja wa dakika chache hutosha kwa siku nzima.

Baada ya jua kuchomoza nimetembea upya ndani ya wavu wote, safari hii si kwa kutafuta matundu bali kwa ufito butu, nikibonyeza udongo kila hatua nusu na kutafuta ulaini. Nimepata sehemu mbili laini. Moja ni mzizi uliooza. Nyingine ni ukuta wa nyuma wa M6.

5 Machi

Watoto watano, wote hai. Wawili wameanza kufungua jicho moja. Mdogo ana gramu 96. Kwa siku tatu nimekuwa nikimshika Pamba mapajani jioni na kumpa mdogo peke yake nafasi ya kunyonya dakika mbili, jambo ambalo Pamba anavumilia akipewa ganda la ndizi.

Karafuu ameacha kiota chake cha M2 na analala juu ya manyoya yake mwenyewe kama godoro.

8 Machi, usiku

Mvua ya kwanza kubwa ilianza saa kumi na mbili jioni. Saa mbili nilitoka na taa kuangalia kingo ya mfongo. M3 na M4 yalikuwa yanapokea maji, lakini hilo nililitarajia. Nisilolitarajia lilikuwa mstari mweusi unaometameta ukitoka chini ya jiwe la kingo, upana wa vidole vitatu, ukielekea mparachichi. Siafu. Walikuwa wameshaingia M5 na walikuwa meta nne kutoka M7.

Ya siafu hayajadiliwi. Mtoto wa sungura ndani ya shimo lililozibwa hana pa kukimbilia, na mafuta ya taa huwezi kumwaga karibu na kiota. Nilimwita mjukuu mkubwa alete karai la majivu ya moto kutoka jikoni, tukamwaga mstari mpana kati ya mparachichi na migomba ili kuwachelewesha, kisha nikafukua M7 kwa mikono miwili bila adabu yoyote ya kurudisha udongo. Watoto watano na manyoya yao yote waliingia ndani ya ndoo. Mjukuu aliuliza, "Babu, na Pamba je?" Pamba tulimkuta amesimama juu ya paa la kizimba cha zamani, amelowa, anapigapiga mguu wa nyuma chini kama ngoma, ishara yao ya hatari.

Usiku huu wako ghalani katika sanduku la pili la kuzalia, Pamba katika kizimba kilicho kando yake, miguu ya meza yote minne ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu ya gari. Uzito, kwa sababu sikuweza kulala: 208, 201, 197, 190, na mdogo 141.

11 Machi

Asubuhi mbili za kwanza Pamba aliruka nje ya sanduku na kukwaruza pembe ya ghala iliyo upande wa M7. Nilimshika juu ya sanduku, mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, dakika nne, watoto wakafanya waliyotakiwa kufanya. Leo asubuhi ameingia mwenyewe. Alipomaliza alijaribu kuziba mlango wa sanduku kwa maranda.

14 Machi

Moshi amezaa usiku, sandukuni, watoto saba, wote hai, kati ya gramu 48 na 57. Ni siku 30 tangu tarehe 12 Februari. Sina zaidi la kuandika juu yake. Jike aliyezaa mahali palipoandaliwa hana habari.

19 Machi

Siku ya mwisho ya kungoja. Karafuu hakuzaa. Nimempapasa mwenyewe, nimemgeuza, chuchu zake ni ndogo na za rangi ya ngozi. Kitambaa chekundu kimeondolewa kwenye M2.

22 Machi

Nimeanza kufukia. Kabla ya kila shimo kufukiwa nimefuata utaratibu uleule: kamera hadi mwisho wa njia, ufito butu kwenye kuta za pembeni kutafuta mlango uliozibwa, ndipo mawe, wavu mzito uliokunjwa, na udongo. M1, M2 na M5 yamekwisha.

M4 ndilo nililoshindwa kulitazama mwezi uliopita kwa sababu lenzi ilichafuka. Mvua zimeporomosha sehemu ya kingo, kwa hiyo leo nimeweza kulifungua kutoka juu. Pembeni mwa njia, nyuma ya udongo ulioshindiliwa, palikuwa na chumba kidogo, na ndani yake manyoya meupe na ya hudhurungi yaliyogandamana na mifupa midogo iliyo safi kabisa, myembamba kama njiti. Nilihesabu mafuvu manne. Hakuna nyama, hakuna harufu. Kazi ya sisimizi imekwisha siku nyingi. Huo ndio uzazi wa Januari niliouhesabu kwenye karatasi tarehe 13 Februari na kisha kuusahau. Majike wachanga mara nyingi hupoteza uzazi wa kwanza, hasa wakizaa mahali penye baridi au wasijinyonyoe vya kutosha, na siwezi kusema waliuawa na nini. Hudhurungi ni rangi ya Karafuu, nyeupe ni ya Pamba, na hutokea jike kuvuta manyoya ya mwenzake kujengea. Kwa kuwa Pamba alishika mimba tarehe 23 Januari au karibu yake, na jike aweza kupandwa tena siku ileile ya kuzaa, wanaweza kuwa walikuwa wake. Wanaweza pia kuwa wa Karafuu.

Nimewazika chini ya mbuni, nimefukia M4. Kwa wajukuu nimesema nimefukia M4.

30 Machi

Watoto wa Pamba wametimiza wiki tano. Wanakula nyasi zilizokaushwa siku moja, majani ya viazi vitamu na pumba kidogo. Sakafu ya kizimba ni ya wavu na inafagiliwa kila asubuhi, kwa kuwa umri huu na unyevu huu wa masika ndio wakati wa koksidia, vijidudu vya utumboni, kuwaharisha na kuwamaliza kwa siku mbili. Hadi leo kinyesi ni cha gololi kavu.

M3 na M6 yamefukiwa. Majike wamepewa boma jipya lenye wavu uliozikwa chini sentimeta 40, na Karafuu ameshaanza kuupima kona moja baada ya nyingine.

6 Aprili

Hesabu ya mwisho ya bustani. Nimetembea tena kwa ufito butu, mistari ya nusu meta, saa mbili nzima, baada ya mvua, wakati udongo ulioshindiliwa na sungura hunywea tofauti na ule wa kawaida. Hakuna sehemu laini isipokuwa mahali palipokuwa M7, ambapo nimepanda mche wa mgomba.

Uzito wa watoto wa Pamba: gramu 930, 915, 880, 870, na yule mdogo 790. Wa Moshi wamebaki sita, wako kiotani, macho wazi. Tarehe 20 Aprili wakubwa watatimiza wiki nane, umri uleule waliokuwa nao wazazi wao tulipowanunua. Siku hiyo nitawageuza chali wote watano juu ya mkono wa kushoto, mmoja mmoja, na kuandika hapa nilichokiona.